Panya hali kitimoto: anatufundisha nini kuhusu tegu wa nguruwe?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni kijana wa Kibosho, nasoma stashahada ya maabara hapa Moshi, mwaka wa pili. Nyumbani tunafuga nguruwe. Dada yangu mkubwa ana kifafa tangu akiwa na miaka 19, na alipopigwa picha ya kichwa hospitalini walikuta vifuko vya tegu kwenye ubongo. Darasani tumeambiwa utafiti mwingi wa tegu hufanyika kwa panya. Jambo hili linanisumbua. Tegu huyu anaishi kwa mtu na kwa nguruwe, panya anahusika vipi? Anaweza kutuambia nini kuhusu ugonjwa wa dada? Halafu natakiwa kuandika pendekezo la mradi wangu wa mwisho. Nitumie panya gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe dada salamu zangu na pole nyingi.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo linalobeba mengine yote. Hakuna panya wa tegu. Kuna panya wa swali fulani kuhusu tegu. Mchukulie panya kama shahidi aliyeona tukio moja tu: ukimuuliza aliloliona atakusaidia sana, ukimuuliza asiloliona naye atakujibu, na hapo ndipo wengi tunapopotea. Nimefanya kazi hii hapa Arusha kwa miaka mingi, na makosa mabaya niliyoyaona, yangu yakiwemo, yalitokana na kuchagua panya kabla ya kuchagua swali.

Tuelewane kwanza kuhusu tegu mwenyewe, maana hata wasomi hulichanganya jambo hili. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye zile punje nyeupe, na nyama haikuiva vizuri, punje moja inaweza kufunguka tumboni mwake na kuwa tegu. Katika miezi miwili au mitatu hivi tegu huyo anakomaa, anafikia urefu wa mita kadhaa, na anaanza kuachia pingili zilizojaa mayai. Mayai hutoka na kinyesi. Nguruwe anayezurura akiyala, lava, yaani tegu mchanga aliyemo ndani ya yai, hutoka na kutoboa utumbo, huingia kwenye damu na kwenda kutulia kwenye misuli, ulimi, moyo na ubongo. Huko hugeuka vifuko, ndizo zile punje nyeupe.

Sasa sikiliza hapa. Mtu akimeza mayai hayohayo, kwake hutokea kilekile kinachotokea kwa nguruwe. Kwa hiyo dada yako hakupata vifuko kwa kula kitimoto. Alimeza mayai yaliyotoka kwa mtu mwenye tegu tumboni, pengine kwa mkono usionawa, kwa mboga, kwa maji, au kwa mtu anayekula naye sahani moja. Ndiyo maana ugonjwa huu unampata hata Mwislamu au Msabato ambaye hajagusa nyama ya nguruwe maisha yake yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye tegu huyu, ambako watu na nguruwe wanaozurura wanaishi karibukaribu, kiasi cha asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa kimetokana naye. Hapa kwetu Kaskazini, watafiti wamekuwa wakimfuatilia kwa muda mrefu kule Mbulu, tangu enzi ambazo Mbulu ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha, kabla ya Manyara kuwa mkoa mwaka 2002.

Kwa hiyo mdudu ni mmoja, lakini magonjwa ni mawili: tegu mzima ndani ya utumbo, na vifuko ndani ya nyama na ubongo. Kila ugonjwa unadai panya wake.

Unauliza kwa nini panya. Acha nikuambie ilivyokuwa kabla yake. Mwaka 1855 daktari mmoja Mjerumani, Friedrich Küchenmeister, alitaka kuthibitisha kwamba punje za nguruwe ndizo zinazozaa tegu. Alimlisha mfungwa aliyehukumiwa kifo punje hizo ndani ya chakula, siku chache kabla ya kuuawa, na mfungwa hakujua. Baada ya kifo alipasua utumbo akakuta tegu wachanga wameshika. Jibu lilikuwa sahihi. Njia ya kulipata siwezi kuitetea mbele ya mtu yeyote, na sitaki mwanafunzi wangu yeyote aisome habari hii kama kisa cha kishujaa. Miaka ya 1930 Mjapani mmoja, Yoshino, alimeza punje yeye mwenyewe ili aandike kinachomtokea. Huyo angalau mwili ulikuwa wake. Panya anapoingia maabara leo, anachukua nafasi ya yule mfungwa. Nikifungua kizimba asubuhi huwa nalikumbuka hilo, na ndiyo maana huwa mkali kuhusu idadi ya panya na namna wanavyotunzwa.

Haya, tuingie maabara. Kiswahili chetu kinawaita wote panya, ila kwenye kazi hii tofauti ni kubwa, kwa hiyo nitasema panya mkubwa (rat) na panya mdogo (mouse).

Kwa tegu wa utumboni, mwalimu wetu wa zamani kuliko wote ni tegu wa panya anayeitwa Hymenolepis diminuta. Huyu kwa asili ni wa panya mkubwa, na mwenyeji wake wa kati, yaani anayemlea lava kabla hajamfikia panya, ni mdudu, hasa wale mbawakawa wadogo wekundu unaowakuta kwenye unga uliokaa sana stoo. Hatuhitaji nguruwe, wala kinyesi cha mtu. Mbawakawa unawanyima chakula siku mbili hivi, kisha unawawekea kinyesi chenye mayai juu ya karatasi yenye unyevu. Wakishakula unawarudisha kwenye unga, kwenye joto la nyuzi 26 hivi, na kusubiri wiki mbili. Mwezi wa saba hapa Arusha baridi inashuka usiku, na nisipowasha taa kwenye kasha lao lava huchelewa kukomaa. Panga ratiba yako ukilijua hilo, ingawa Moshi mna joto kidogo kuliko sisi.

Siku ya kuwafungua, mbawakawa anawekwa kwenye tone la maji ya chumvi chini ya darubini, unamshika kwa sindano mbili na kumtenganisha kiuno. Lava hutoka wakielea. Kila mmoja ni mdogo kuliko chembe ya sukari, mviringo, ana kimkia, na ukitazama kwa makini unaona ndani yake kichwa kimekunjwa tayari kikingoja utumbo. Unahesabu watano, unawavuta kwa bomba jembamba, na kumpa panya mkubwa kwa mdomo. Siku ya 17 hivi mayai yanaanza kuonekana kwenye kinyesi chake. Panya mwenyewe anakula, anacheza, anaongezeka uzito. Tegu huyu hana kulabu kichwani na hatoboi chochote.

Baadaye, panya akishalazwa usingizi wa kudumu, unachukua utumbo wote na kuupasua kwa mkasi ndani ya sahani ya maji ya chumvi yenye uvuguvugu. Mara ya kwanza nilipoona, nilidhani ni utando wa utumbo umebanduka. Kisha ule utepe mweupe ukajikunja wenyewe, ukajinyoosha, ukajikunja tena, wimbi likitoka kichwani kwenda mkiani. Ukiongeza prazikwanteli, dawa ya kuua tegu, kidogo kwenye yale maji, ndani ya sekunde chache utepe wote unakakamaa na ngozi yake inaanza kuharibika. Mwanafunzi aliyeona hilo kwa macho yake hahitaji kukaririshwa namna dawa inavyofanya kazi. Na kweli, prazikwanteli ilipimwa kwa panya wenye tegu miaka ya 1970, kabla haijawa dawa ya watu.

Tegu huyu ametufundisha mengine mazito. Ukimpa panya lava mmoja, unapata tegu mrefu mno. Ukimpa lava thelathini, kila tegu anakuwa mfupi na mayai yake yanapungua, kwa sababu wanagombea chakula na kila mmoja anamwathiri mwenzake. Clark Read wa Marekani, aliyechunguza jambo hili tangu miaka ya 1950, alimhamisha tegu mmoja kwa upasuaji kutoka panya mmoja kwenda mwingine, wale panya wakizeeka na kufa, na tegu akaishi zaidi ya miaka 14. Panya mwenyewe haishi hata mitano. Fikiria maana yake kwa mtu anayetembea na tegu tumboni mwaka baada ya mwaka, na anayempikia familia nzima.

Lakini huyohuyo tegu mpe panya mdogo. Atashika, atakua siku chache, kisha kati ya wiki ya kwanza na ya pili mwili wa panya mdogo unamfukuza. Naomba ulishike hili kuliko yote niliyoandika. Ukijaribu dawa yako ya mitishamba kwa panya mdogo, ukampasua siku ya 14 na kukuta utumbo mweupe, utashangilia dawa wakati kinga ya panya ndiyo iliyofanya kazi. Nimesoma mapendekezo ya namna hiyo si mara moja. Wanaoyaandika ni vijana wenye bidii, hawakuambiwa tu.

Utauliza, kwa nini tusimpe panya tegu wa nguruwe mwenyewe? Imejaribiwa. Hamsta na panya wa jangwani wakipunguzwa kinga kwa dawa za steroidi, wanamshika, na tegu anakua kiasi. Kwa hamsta habaki muda wa kutosha wala hafikii kutoa pingili zenye mayai kamili. Anafaa ukitaka kujua kichwa kinavyoshika utumbo au kama punje fulani bado iko hai. Ukitaka kuchunguza mayai, shahidi huyo hakuyaona.

Sasa vifuko, ambavyo ndivyo vimemtesa dada. Hapa shahidi anayetumika zaidi ni Taenia crassiceps, tegu wa mbweha wa nchi za Kaskazini ya dunia. Vifuko vyake vina tabia moja ya ajabu: vinachipua. Unamdunga panya mdogo vifuko kumi hivi tumboni, nje ya utumbo, na baada ya miezi michache unakuta maelfu. Ni rahisi kuwatunza, hauhitaji mbweha, na dawa au chanjo unaweza kuzipima kwa kuhesabu vifuko. Aina inayotumika maabara nyingi duniani ilipatikana Canada miaka ya 1950 na inahamishwa kutoka panya hadi panya mpaka leo. Angalizo ni kwamba panya jike hupata vifuko vingi kuliko dume, kwa hiyo ukichanganya majike na madume umeharibu hesabu yako kabla hujaanza. Angalizo kubwa zaidi ni lile la kuchipua lenyewe: vifuko vya tegu wa nguruwe havifanyi hivyo mwilini mwa mtu. Dawa inayozuia kuchipua itang'ara kwa panya huyu na haitamfaa dada yako hata kidogo.

Yuko pia tegu wa paka, ambaye lava wake hukaa kwenye ini la panya mkubwa. Huyu ana heshima yake. Mwaka 1931 Harry Miller wa Marekani alionyesha kwamba panya mkubwa anaweza kukingwa dhidi ya lava huyo kwa kudungwa vitu vilivyotokana na tegu. Ndipo watu wakaamini kwamba chanjo dhidi ya tegu inawezekana. Njia ikaendelea kwa kondoo, ambako mwaka 1989 ilitangazwa chanjo iliyotengenezwa kwa uhandisi wa jeni, na baadaye kwa nguruwe wenyewe, ikapatikana chanjo ya TSOL18. Ilipojaribiwa kwa wafugaji wa Cameroon pamoja na dawa ya minyoo ya oksifendazoli, matokeo yaliyotolewa 2010 yalionyesha nguruwe waliochanjwa hawana vifuko. Angalia panya alipoishia katika safari hiyo. Alifungua mlango, akasimama hapo. Kilichofuata kilidai kondoo, kisha nguruwe, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuruka hatua hizo.

Ubongo ndio mgumu kuliko vyote, na hapa nitakuwa mkweli kwako kwa ajili ya dada. Kifuko kikiwa hai kwenye ubongo wa mtu kinaweza kukaa kimya miaka mingi, kwa sababu kinatuliza kinga inayokizunguka. Degedege mara nyingi huanza kifuko kinapokufa, kinga inapozinduka na ubongo kuvimba pale kilipo. Watafiti wa Peru mwaka 2015 walieleza namna ya kuwadunga panya wakubwa lava wa tegu wa nguruwe moja kwa moja kwenye ubongo. Vifuko vilikua, na baadhi ya panya walipata degedege. Ni hatua kubwa: sasa unaweza kutazama tishu inayozunguka kifuko siku kwa siku, jambo ambalo kwa mtu haliwezekani. Hata hivyo lava hao wamepita njia ya mkato. Hawakutoboa utumbo wala kusafiri kwenye damu, na panya haishi vya kutosha kuona ukimya wa miaka ambao dada yako ameuishi.

Kutokana na hilo, mwanangu, sikia hili kama ndugu yake. Usimpe dada dawa ya tegu kutoka duka la dawa kwa sababu umesoma kwamba inaua vifuko. Inaua kweli, na kufa kwake ndiko kunakoleta uvimbe. Albendazoli au prazikwanteli kwa vifuko vya ubongo hutolewa na daktari aliyeona picha ya kichwa, anayejua vipo vingapi na viko wapi, akitanguliza steroidi. Wako wagonjwa ambao hawapaswi kupewa kabisa. Dawa zake za kifafa aendelee nazo bila kuruka siku.

Nirudi kwenye mradi wako. Kuna jambo lililonitokea ambalo sitaki likupate. Miaka iliyopita tulinunua panya wadogo weupe kutoka kwa mfugaji mmoja, tukawagawa makundi mawili, kundi moja tukaliambukiza. Wiki ya tatu mwanafunzi wangu akaniita kwenye darubini. Kinyesi kilichokuwa chini ya lenzi kilitoka kwa kundi ambalo hatukuliambukiza kitu, na kilikuwa na mayai tele: duara, ganda jembamba, nyuzi zikitoka kwenye ncha mbili za utando wa ndani. Alikuwa tegu mdogo, Hymenolepis nana. Panya walikuja naye. Tegu huyu hahitaji mdudu wa kati, mayai yake yanaambukiza papo hapo kutoka panya hadi panya, na yanaambukiza watu pia, hasa watoto. Tulipoteza miezi minne na panya wote, wote walikufa bila kutuambia chochote, na ilibidi sisi sote tupimwe choo. Kosa lilikuwa langu. Sikuwapima kabla ya kuanza. Tangu siku hiyo hakuna panya anayeingia kwenye jaribio langu kabla kinyesi chake hakijapimwa mara tatu ndani ya wiki mbili.

Na usije ukakamata panya wa sokoni Mbuyuni kwa sababu ni bure. Panya wa mitaani wanabeba bakteria wa leptospira na mengine, na homa ya leptospira imethibitishwa kwa wagonjwa wa Moshi.

Kama chuo chenu kina chumba cha wanyama na kamati ya maadili, andika pendekezo la Hymenolepis diminuta ndani ya panya mkubwa. Swali liwe dogo: kwa mfano, idadi ya lava inabadilishaje urefu wa tegu na wingi wa mayai? Panya wote wa jinsia moja, umri mmoja, chakula kimoja. Hesabu idadi ya chini kabisa inayoweza kukupa jibu, na uieleze kamati kwa nini si pungufu ya hapo. William Russell na Rex Burch wa Uingereza waliandika mwaka 1959 kwamba mtafiti atafute kwanza kama anaweza kuacha mnyama, kisha kupunguza idadi, kisha kupunguza maumivu. Sisi nasi tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Isome kabla ya kuandika sentensi ya kwanza.

Kama chuo hakina chumba hicho, usihuzunike. Mbawakawa peke yao wanatosha mradi mzuri: lava wanakomaa kwa siku ngapi kwenye joto tofauti? Utahitaji kinyesi chenye mayai kutoka maabara inayofuga tegu huyu, unga, karatasi na darubini, na hakuna panya wa kwako atakayekufa.

Kuhusu dada, panya hawezi kukuambia mayai yale yalitoka kwa nani. Hilo litajibiwa Kibosho. Kila anayekula nyumbani apimwe choo, na asiishie mara moja, kwa sababu tegu hatoi mayai kila siku. Akipatikana mtu, msimlaumu, hakujua, na apelekwe hospitalini atibiwe huko, akieleza kwamba nyumbani kuna mgonjwa wa vifuko vya ubongo. Kisha mwombe ofisa mifugo wa kata aje awafunue ndimi wale nguruwe. Amshike mmoja mmoja, auvute ulimi kwa kitambaa, apitishe kidole chini yake taratibu. Punje ikiwepo ataisikia kabla hajaiona, ngumu kidogo, inateleza, ukubwa wa mbegu ya njegere. Asipoisikia haimaanishi nguruwe ni salama, maana wenye vifuko vichache huponyoka, kwa hiyo banda lifungwe na choo kiwe na mlango hata ndimi zote zikiwa safi.